Homa ya Siku ya Tisa

Fomu ya ridhaa ya kujiunga na majaribio ya dawa ya saratani ilikuwa na kurasa 27. Dada alizisoma zote, kalamu mkononi, kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Mimi nilikuwa natafuta neno moja tu, manufaa, na nilipolikuta ukurasa wa tisa nilitamani ningeliacha palepale lilipokuwa. Iliandikwa kwamba mshiriki huenda asipate manufaa yoyote, na kwamba yatakayojulikana huenda yakawafaa wagonjwa wengine siku za usoni. Nikarudia kusoma nikingoja sentensi ya kuipooza hiyo. Haikuwepo.

"Umeona walivyoandika hapa?" nikamwuliza.

"Nimeona. Angalau hawanidanganyi, mdogo wangu."

Akatia sahihi wiki iliyofuata. Tangu wakati huo nimeulizwa mara nyingi, na watu ninaowajua na nisiowajua: mgonjwa wetu ameambiwa dawa zimekwisha ila kuna ya majaribio, je, aende? Sina jibu la ndiyo au hapana, na ninamshuku kila mwenye nalo. Ninachoweza kusimulia ni namna nilivyochelewa kuelewa ni swali gani hasa lilikuwa linaulizwa ndani ya mwili wa dada yangu. Nililielewa usiku mmoja wa homa, na hata hapo nililielewa kwa hasira.

Saratani yake ilikuwa ya ovari, na ilipogunduliwa ilikuwa imekwisha kusambaa tumboni, kama inavyokuwa kwa wengi wenye ugonjwa huo. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapata mizunguko sita ya kaboplatini, dawa yenye chuma cha platinamu ndani yake, na paklitakseli. Ikanywea. Ikakaa kimya zaidi ya mwaka, ikarudi. Akapewa platinamu tena, ikanywea tena, lakini safari hii ukimya haukufika miezi minne. Siku hiyo daktari hakutuonyesha picha, alituonyesha kalenda. Ikirudi kabla ya miezi 6 kutimia tangu dozi ya mwisho ya platinamu, alisema, tunaihesabu kuwa sugu.

Neno hilo tunalijua wote. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mshika jembe. Palepale panaposuguliwa ndipo panapokomaa. Madaktari wana maelezo marefu, lakini kwa kweli hayaendi mbali na hapo. Dawa huua seli zinazouawa nayo. Zinazosalia ni zile zilizokuwa na njia ya kuponyoka, na hizo ndizo zinazozaa. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling walieleza protini iliyojaa kwenye ukuta wa seli sugu, na baadaye ikaeleweka kuwa ni pampu: inaitema nje dawa kabla haijafanya kazi, tena si dawa moja, bali za koo mbalimbali zisizofanana, paklitakseli ikiwemo. Platinamu haipiti kwenye pampu hiyo. Yenyewe huingia, ikazibana nyuzi za DNA zisiweze kugawanyika, na seli sugu hujibu kwa kuzikarabati haraka kuliko zinavyoharibiwa, au kwa kuipunguza platinamu inayoingia tangu mlangoni. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa na ugonjwa mmoja wenye milango mitatu iliyofungwa kwa funguo tofauti, na ndiyo sababu kuongeza dozi ya dawa ileile kwa kawaida humchosha mtu bila kuisumbua saratani.

Dada alikuwa na mapenzi ya ajabu na platinamu, pamoja na ganzi iliyomwachia vidoleni. Alipenda kusimulia ilivyopatikana. Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, hakuwa akitafuta dawa ya saratani hata kidogo. Mwaka 1965 alichapisha alichokiona alipopitisha umeme kwenye bakteria: waliacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama nyuzi. Alidhani ni umeme. Ikaja kubainika ni chuma cha vipitishio vyake vya umeme, platinamu, kilichokuwa kikiyeyuka kidogo kidogo kwenye maji yao. Sisplatini, dawa ya kwanza ya saratani iliyotokana na chuma hicho, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1978. "Mtu anatafuta kitu hiki anapata kile," dada alikuwa akisema. Sikujua kwamba sentensi hiyo ingetuhusu.

Dawa ya majaribio aliyopangiwa haikuwa na jina. Ilikuwa na herufi na namba, kama gari la serikali. Nesi wa utafiti aliizoea kiasi cha kuikata herufi za mwanzo na kuiita kwa namba mbili za mwisho, nasi tukafuata. Baadaye nilisoma kuhusu mgonjwa wa kwanza kupewa kemotherapi kwenye mshipa kwa namna tunayoielewa leo, katika Chuo Kikuu cha Yale, Agosti 1942. Historia inamjua kwa herufi mbili, J.D. Alikuwa na vivimbe vya tezi shingoni na tayani, miale imeshashindwa, hawezi kumeza vizuri. Alichopewa kilitokana na gesi ya sumu ya kivita, na kwa kuwa vita vilikuwa vinaendelea na jambo ni siri, kwenye kumbukumbu zake dawa iliandikwa X. Mgonjwa hana jina, dawa haina jina. Vivimbe vikayeyuka ndani ya siku chache, kisha vikarudi, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Taarifa ikachapishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Sijui aliambiwa nini kabla ya sindano ile ya kwanza. Kanuni za Nuremberg, zilizoweka ridhaa ya mtu mbele ya kila kitu, zilitoka mwaka 1947; Azimio la Helsinki mwaka 1964. Kurasa 27 za dada yangu zina ukoo mrefu, na sehemu ya ukoo huo ni watu ambao hawakuulizwa chochote.

Sasa nieleze inavyokwenda, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Majaribio ya dawa kwa binadamu huenda kwa awamu. Ya tatu ndiyo ile ambayo wengi huiwazia: mamia ya watu, wengine wanapewa dawa mpya, wengine ya zamani, mwisho wanalinganishwa. Ya kwanza haifanani nayo. Katika saratani, awamu ya kwanza kwa kawaida haiwachukui watu wazima wa afya, kwa kuwa dawa ni sumu na si haki kumpa asiyeumwa. Huwachukua wenye ugonjwa uliosambaa na ambao dawa zilizothibitishwa zimeishiwa nguvu, lakini bado wana miguu ya kusimama. (Hapo pana kinaya ambacho familia nyingi hukigundua wakiwa wamechelewa: mtu huambiwa kuna majaribio pale anapokuwa hoi, ilhali majaribio yanamtaka awe bado anaweza kujihudumia, ini lake na figo zake zikiwa nzima. Ukingoja mpaka hakuna kingine, na hiki pia huenda kisiwepo.) Mara nyingi hakuna dawa bandia, hakuna kura ya nani apate na nani akose. Kila mtu anapewa. Kinachotofautiana ni kiasi.

Na kiasi ndicho swali. Dozi ya kwanza kabisa hukisiwa kutokana na wanyama. Kwa dawa za saratani kanuni iliyozoeleka ni kuchukua dozi inayowadhuru vibaya panya 1 kati ya 10, kisha kuigawa kwa kumi, ukibadili kwa ukubwa wa mwili wa binadamu. Hapo ndipo ngazi inaposimikwa. Kwa mtindo wa zamani hatua ya kwanza huzidisha dozi kwa mbili, inayofuata huongeza theluthi mbili, kisha nusu, kisha asilimia 40, kisha theluthi moja, hatua zikizidi kuwa fupi kadiri mtu anavyokaribia ukingo. Watu watatu huwekwa kwenye kila daraja. Wakimaliza mzunguko wa kwanza salama, watatu wengine hupanda daraja la juu. Mmoja akipata madhara makubwa ya aina iliyotajwa mapema kwenye mpango, wanaongezwa watatu palepale. Wakiwa wawili, imetosha: dozi imepita inapostahili, wanarudi chini. Dozi ya juu kabisa ambayo kati ya watu sita haijamwangusha zaidi ya mmoja, ndiyo inayoondoka na cheti.

Daktari alituchorea ngazi hiyo nyuma ya karatasi ya majibu ya damu. Dada akahesabu kwa kidole.

"Mimi nitakuwa daraja la ngapi?"

"La nne. Wa pili kati ya watatu."

"Na tisa wa madaraja ya chini?"

Daktari akasema hawezi kuzungumzia hali ya mgonjwa mwingine, ila kwamba ngazi imefika la nne ina maana matatu ya chini yalipitika. Dada akatikisa kichwa. Mimi nikawa nawaza hesabu nyingine, ya uchoyo kabisa. Wale wa daraja la kwanza walipewa kiasi kidogo pengine kisichoweza kuua kitu. Wa madaraja ya juu ndio wanaojaribu kina kwa miguu yao. Kwa hiyo la nne, nikajiambia, ni mahali pazuri: dawa ya kutosha, hatari ya wastani. Nilikuwa nimeshageuza ngazi ya utafiti kuwa meza ya bahati, na nimemchagulia dada yangu namba.

Kuna jina la kosa hilo. Mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake waliandika juu ya dhana potofu ya tiba: mshiriki wa utafiti kuamini kwamba kila kinachofanywa pale kimepangwa kwa ajili yake yeye, kama daktari anavyompangia mgonjwa wake. Dada hakuwa nayo. Nilikuwa nayo mimi, niliyekuwa namsindikiza. Nadhani jambo hili halizungumzwi vya kutosha, kwamba mgonjwa husoma fomu na familia haisomi, halafu familia ndiyo inayomwambia kila siku asikate tamaa, mpaka anaanza kuona haya kusema anachokijua.

Kabla ya dozi ya kwanza zilipita wiki nne bila dawa yoyote, ili mabaki ya kemo iliyopita yatoke mwilini na yasichafue matokeo. Hizo wiki nne zilikuwa mbaya kuliko nyingi zilizofuata. Uvimbe unao, unaujua, unapapasika, na kazi yako ni kungoja.

Siku ya kwanza yenyewe ilikuwa ya damu. Dripu ilichukua saa moja na nusu, lakini sindano za kuchota damu zilichukua siku nzima: kabla ya dawa, mara tu dripu ilipokatika, nusu saa baadaye, saa 1, saa 2, saa 4, saa 8, na kesho yake asubuhi. Kila kichupa kiliandikwa dakika. Nesi akija dakika mbili nje ya muda aliandika na hizo mbili. Wanapima dawa inavyopanda na kushuka ndani ya damu, na mchoro wake ni mlima wenye upande mmoja mkali na mwingine wa kuteleza polepole. Dada aliomba auone mchoro wake. Hakuonyeshwa, kwa sababu vichupa vilikuwa vinakwenda maabara ya mbali na majibu yangechukua wiki. Akasema, "Basi niambieni tu kama nimepanda vizuri."

Siku ya tisa usiku akatetemeka. Kipimajoto kilisoma 38.6.

Alikuwa na kadi mkobani yenye namba ya simu ya watafiti na maandishi kwamba mwenye kadi hii yuko kwenye dawa ya majaribio. Tulikwenda hospitali iliyokuwa karibu, si ile ya utafiti, na mtu wa mapokezi akaitazama kadi mbele na nyuma, akatuambia tukae tungoje foleni. Nilipomweleza kwamba ni kemo akauliza kemo gani. Nikataja herufi na namba. Akaniangalia kama niliyemtajia namba ya kiti kwenye basi. Naomba ninyooshe hili kwa yeyote mwenye mgonjwa wa kemo ya aina yoyote ile, ya majaribio au ya kawaida: homa ya nyuzi 38 katika wiki hizo ni dharura, hata akiwa anatembea na anacheka, na dawa ya bakteria inatakiwa iingie kwenye mshipa haraka, lengo likiwa ndani ya saa moja. Usiulize foleni. Piga kelele kama inabidi. Mimi nilipiga kelele baada ya dakika 50, na sijajisamehe zile 50.

Majibu ya damu yalionyesha nyutrofili 300, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, ambapo mtu wa kawaida anatarajiwa awe na 1,500 au zaidi. Uboho ulikuwa umezimika kwa muda. Walimlaza siku tano. Siku ya tatu homa ikashuka, akaanza kulalamika kuhusu mto, nikajua anarudi.

Daktari wa utafiti alikuja na faili. Aliuliza saa homa ilipoanza, ilipofika kiwango gani, dawa ya bakteria ilianza lini. Madhara yote ya dawa za saratani yana madaraja yake ya ukali, 1 mpaka 5, na 5 ni kifo. Aliandika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejua uzito wa neno lake, "Hii inahesabiwa."

Nilimfuata kwenye ukumbi. Inahesabiwa nini? Akanieleza: homa ikiwa pamoja na upungufu wa nyutrofili, ndani ya mzunguko wa kwanza, ilikuwa kwenye orodha ya madhara yanayozuia kupanda. Dada yangu alikuwa yule mmoja kati ya watatu. Sasa daraja la nne lingeongezewa watu watatu, na macho yangekuwa juu yao.

Hapo ndipo hasira iliponishika, na chini ya hasira, ufahamu. Nilikuwa nimekaa siku tisa nikingoja dawa itoe jibu, nikidhani jibu litaonekana kwenye uvimbe. Jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Utafiti uliuliza mwili wake utavumilia kiasi gani, na mwili ukajibu kwa 38.6. Homa niliyoiona mimi kuwa ajali iliyotukatisha njiani, ndiyo njia yenyewe. Ndiyo kitu ambacho watu wote wale wenye vichupa na saa walikuwa wamekuja kukitafuta. Hawakuitaka imtokee. Lakini walikuwa wamejipanga kuipokea, na kama isingetokea kwake dozi ingepanda mpaka homa imtokee mwingine.

Nilimwambia dada kwa uchungu, kama mtu anayefichua njama. Akacheka mpaka kanula ikamuuma.

"Ukurasa wa 11," akasema. "Nikadhani umesoma."

Alikuwa amefikiri mbali kuliko mimi. Kilichomsumbua yeye hakikuwa kuhesabiwa, ni wale watatu. "Wanaingia daraja hili kwa sababu yangu," alisema. "Kama nisingepata homa wangeingia la tano. Sijui nimewaponya au nimewapunja." Akalirudia hilo mara kadhaa katika majuma yaliyofuata, na sikuwahi kupata la kumjibu. Hakuwahi kuwaona. Huenda alipishana nao kwenye korido ya kuchotea damu.

Kanuni ziliruhusu aendelee kwa dozi ya daraja la chini yake. Akaendelea.

Wiki ya sita ikaja siku niliyokuwa nikiingojea mimi. Namna uvimbe unavyopimwa kwenye majaribio inakatisha tamaa kwa uwazi wake: kabla ya dawa wanachagua vivimbe visivyozidi vitano, wanapima kila kimoja kwenye picha ya CT kwa milimita, wanajumlisha. Basi. Jumla ikipungua kwa asilimia 30, umeitikia dawa. Ikiongezeka kwa asilimia 20 juu ya kiwango cha chini kabisa ulichowahi kufikia, ugonjwa umesonga mbele na unatoka. Katikati ya hapo unaitwa imara, yaani umesimama. Jumla ya dada ilikuwa milimita 84. Wiki ya sita ikawa 75.

Nikapiga hesabu kwenye simu nikiwa bado kwenye kiti: karibu asilimia 11. Haikuwa 30. Lakini ilikuwa imeshuka! Niliwaambia watu dawa inafanya kazi. Dada aliwaambia watu ugonjwa umesimama. Tulikuwa tunasoma karatasi moja.

Nilikuja kutafuta takwimu nikiwa nimechelewa, kama kawaida yangu. Uchambuzi mmoja wa majaribio 460 ya awamu ya kwanza yaliyofanyika Marekani kati ya 1991 na 2002 ulikuta kwamba uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabika kwa wagonjwa wapatao 10.6 kati ya 100, na waliokufa kwa sababu ya dawa walikuwa kama 1 kati ya 200. Uchambuzi wa baadaye, wa 2000 hadi 2019 na wagonjwa zaidi ya 13,000, ulionyesha waliopata nafuu hiyo wakipanda kutoka 9.6 kati ya 100 miaka ya mwanzo hadi 18 miaka ya mwisho. Kupanda huko si kudogo. Dawa zimebadilika: siku hizi nyingine hazimwagwi tu kwenye damu, hubebeshwa kwenye kingamwili inayokwenda kugonga mlango wa seli ya saratani yenyewe, na sumu hufunguliwa ndani. Mwaka 2022 moja ya aina hiyo, mirvetuksimabu soravtansini, iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ovari iliyo sugu kwa platinamu, kwa wale ambao uvimbe wao una alama inayotakiwa. Nayo ilianzia kwenye ngazi, watu wachache wachache, dozi ndogo, vichupa na saa. Wale wa daraja lake la kwanza hawakujua wamekaa kwenye dawa ipi.

Lakini 18 kati ya 100 ina 82 upande wa pili, na kupungua kwa uvimbe si kupona.

Nina ugomvi mmoja na ngazi yenyewe, nao siuoni kuwa wa mwenye uchungu tu. Ilijengwa juu ya imani kwamba kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyoua saratani zaidi, kwa hiyo panda mpaka mwili ukatae, kisha shuka hatua moja. Kwa kemo za zamani imani hiyo ilikuwa na msingi. Kwa dawa mpya nyingi haina. Zikishaziba mlango zinaotakiwa kuziba, kuongeza ni kumwongezea mtu kuharisha na uchovu bure. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza mwaka 2021 mpango unaoitwa Optimus wa kuwataka watengenezaji walinganishe dozi mbili au zaidi kabla ya kuja kuomba kibali, na mwaka huohuo ilipoidhinisha sotorasibu kwa saratani ya mapafu kwa miligramu 960 kwa siku, iliagiza ipimwe pia kwa 240. Robo! Dada angelipenda hilo. Alikuwa akisema tangu washushe dozi yake ndipo alipoanza kuwa mtu tena, na uvimbe haukuonekana kujua tofauti.

Wiki ya 12 ilikuwa 77. Bado imara. Wiki ya 18 ikawa 91.

Hesabu ya kutoka ni nyepesi: asilimia 20 ya 75 ni 15, mpaka ni 90. Alivuka kwa milimita moja. Nilimwomba daktari apime upya. Aliponyamaza dada akanishika mkono, akamwambia, "Daktari, asante. Nilikuwa naona mwenyewe nguo zinavyobana." Akauliza kama sampuli zake zitaendelea kutumika. Akaambiwa ndiyo, kwa sababu alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha ukurasa wa 22. Akauliza wale watatu walimaliza salama. Daktari akafikiri kidogo, akasema kwamba daraja la tano limefunguliwa.

Dada alitabasamu njia nzima. Tulikuwa tumetoka kuambiwa dawa imeshindwa.

Ukitoka kwenye dawa hutoki kwenye utafiti. Kila baada ya wiki 12 mtu hupiga simu kuuliza hali, kwa kuwa muda ambao mshiriki anaishi nao ni takwimu. Mara ya kwanza na ya pili alipokea mwenyewe. Alikuwa amerudi kwenye kemo ya kawaida ya kila wiki, kisha akaiacha kwa uamuzi wake, na nesi wa utafiti alikuwa anajua sauti yake. "Niandikie nipo," alikuwa akimwambia.

Mara ya tatu simu yake ilikuwa kwangu. Sauti ilikuwa ngeni, ya kijana, nadhani ndiyo alikuwa ameanza kazi. Akajitambulisha vizuri, akataja namba ya utafiti, akaomba kuzungumza naye.

"Hayupo," nikasema.

"Sawa. Nipige jioni?"

Nikakaa kimya kidogo, nikitafuta neno lingine. Kisha nikamwambia. Akanyamaza, akanipa pole, akasema samahani, akanipa pole tena. Halafu akaniuliza tarehe, nikamtajia, na nikamsikia akiiandika.